Pendekezo la kikao kuhusu omena: tuandike wenyewe au tuwaachie shirika?

NyarAlego

Hamjambo nyote. Swali hili nimelizunguka siku tatu, kwa hiyo mniwie radhi likiwa refu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaoanika na kuuza omena (dagaa wa Ziwa Victoria) huku Seme, Kaunti ya Kisumu. Tuko 23. Nilizaliwa Alego nikaolewa huku, na ukatibu nilipewa kwa sababu moja tu: nilifika kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Sasa kuna kongamano la haki ya kiuchumi litakalofanyika Nairobi mwezi wa Novemba, na wametangaza kwamba kikundi chochote kinaweza kutuma pendekezo la kikao. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Fomu inataka kichwa cha kikao, muhtasari usiozidi maneno 300, aina ya kikao (jopo, warsha au "nyingine"), malengo, majina na wasifu wa wasemaji, na mahitaji ya ukumbi. Kila kikao kina dakika 90.

Nimekwama mahali pawili. Kwanza, wasifu. Wasifu wa mwenyekiti wetu niuandike vipi? Ana miaka 61, ameanika omena tangu kabla sijazaliwa, hajawahi kuwa na barua pepe. Pili, kuna shirika la mjini lililowahi kutufundisha mambo ya akiba, na limejitolea kutuandikia pendekezo. Kijana wao alinitumia rasimu kwa WhatsApp. Kichwa chake: "Kuimarisha Ustahimilivu wa Wanawake katika Mnyororo wa Thamani wa Samaki Wadogo". Nilimsomea mwenyekiti. Akaacha kugeuza omena, akaniuliza, "Hao samaki wadogo ni gani?" Wasemaji kwenye rasimu ni mkurugenzi wao, afisa wao wa miradi na mhadhiri mmoja. Sisi tuko chini kabisa: "wanufaika wawili watatoa ushuhuda (dakika 5)".

Na kile tunachotaka kusema hakimo. Tunataka kusema habari ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia sokoni. Mfano ni huu, wa wiki jana, nimeutoa kwenye daftari langu. Karai moja la omena mbichi nilinunua 1,800. Kijana wa kubeba 50. Kukodi wavu wa kuanikia 50. Ilipokauka nilipima nyumbani nikapata gorogoro 8. Pikipiki hadi barabarani na matatu hadi soko la Kibuye, 200. Tikiti ya soko 50. Jumla nimetoa 2,150. Bei siku hiyo ilikuwa 300 kwa gorogoro, kwa hiyo nilitarajia 2,400, nibaki na 250 kwa kazi ya siku tatu. Lakini broka, mnunuzi wa kati, hapimi kwa mkebe wangu. Ana wake, umegongwa chini kwa nyundo hadi tako limetokeza nje kama tumbo la chura. Kwa mkebe wake omena yangu ilitoka 7. Akanilipa 2,100. Yaani nilirudi nyumbani na hasara ya 50, na hata mvua haikuwa imenyesha.

Nikikataa mkebe wake, nyuma yangu kuna mwingine amebeba gunia na hatakataa.

Mwaka jana tulituma pendekezo kwa mkutano mwingine tukajibiwa kwa mistari miwili, eti ushindani ulikuwa mkubwa. Sitaki kupoteza nafasi tena. Tuandike wenyewe, au tuwaachie wanaojua hiyo lugha?

Wuod_Kondele

Dada, nitakuambia ukweli hata kama utauma. Waachie shirika. Nauli ya Kisumu hadi Nairobi kwenda na kurudi, malazi, chakula, nani atalipa? Wao wana gari na wana bajeti. Wakikuweka dakika 5, ingia na hizo dakika 5 useme lako. Wengi hata hizo hawapati. Nimeona vikundi vinajivuna, "sisi wenyewe, sisi wenyewe", mwishowe hakuna aliyeenda.

Molo_Viazi

Mimi ni mkulima wa viazi huku Molo, Kaunti ya Nakuru, na nimecheka niliposoma habari ya mkebe wenye tumbo, maana huku dada yake anaitwa lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomo, kisha linashonewa kofia ya wavu juu, linajazwa tena, na bei ni ya gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema mfuko usizidi kilo 50. Njoo shambani kwangu siku ya kuvuna nikuonyeshe kanuni inavyosimama kando ya lori ikitazama.

Sasa habari ya shirika. Sisi tuliwaachia. Tulipelekwa watu sita kwenye mkutano, tukavishwa fulana za rangi ya machungwa, tukaketishwa safu ya nyuma. Slaidi ilionyesha picha ya shamba langu. Nililitambua kwa mti wa mukima ulioegemea ua, lakini aliyekuwa akilieleza alisema ni Nyandarua. Mwenzangu aliponyoosha mkono, mwendesha kikao alisema muda umekwisha. Fulana ninayo hadi leo, nalimia.

Wuod_Kondele, dakika 5 hazikuwa 5. Zilikuwa sufuri.

Karani_Mstaafu

Binti yangu, mimi niko Kakamega, nimestaafu, lakini mara mbili nimekaa kwenye kamati ya kuchagua vikao vya makongamano ya namna hii. Ngoja nikueleze kinachotokea upande wa pili wa fomu.

Mara ya mwisho tulikuwa watu watano na mapendekezo zaidi ya 100, na nafasi hazikufika 30. Tulisoma Jumamosi na Jumapili. Kufikia saa tisa alasiri macho hayasomi tena, yanaruka. Kila pendekezo lilianza na "Katika ulimwengu wa leo wenye changamoto nyingi". Kila moja lilikuwa jopo la wasemaji wanne na "majadiliano" dakika kumi za mwisho. Neno "kuimarisha" nililihesabu mpaka nikachoka. Kisha likaja moja la wachuuzi, limeandikwa vibaya, tahajia imepinda, ila mstari wa kwanza ulikuwa na bei ya nyanya na jina la soko. Sote watano tuliinua vichwa. Hilo lilipita bila ubishi.

Kwa hiyo rasimu ya shirika si kwamba ni mbaya tu. Haionekani. Imevaa sare.

Wewe tayari umeandika pendekezo, umeliandika hapo juu bila kujua. 8 zikawa 7. Mkebe wa pili umekula 300, na hiyo ni zaidi ya faida yako yote. Anza hapo. Usianze na ziwa wala na umaskini wa Nyanza. Wala usianze na Katiba.

Wasifu: andika kile anachokijua ambacho mwingine ukumbini hakijui. "Ameanika omena Seme tangu ujana wake. Anajua kwa kushika tu kama omena imelala na unyevu." Huo ni wasifu. Kamati haitafuti digrii pale, inatafuta sababu ya huyu mtu kusimama mbele. Barua pepe iwe yako, wewe ndiwe mwasiliani.

Aina ya kikao: weka alama kwenye "nyingine", kisha ueleze dakika zitakavyokwenda. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanaandika malengo sita halafu hujui saa nne na robo watu ukumbini watakuwa wakifanya nini. Andika: dakika 10 za kwanza tunafanya hivi, 20 zinazofuata tunafanya vile.

Na jambo la mwisho, tulikuwa tukiuliza kila pendekezo: wakitoka pale mlangoni, wataenda kufanya nini? Usijibu "kujenga uelewa". Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti masoko, leseni za biashara na biashara ya haki. Maana yake mkebe wa broka pale sokoni si jambo la kumlilia Rais, ni la kaunti. Na makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kongamano ni Novemba. Mna miezi ya kutosha kuandika ombi la mizani kwenye bichi (ufukweni wanakotua wavuvi) na sokoni, na kulipeleka wakati wa kuwasikiliza wananchi. Hilo ni jambo mtu anaweza kutoka nalo mkononi.

Ipo pia Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Itajeni mara moja, msiihubiri.

Wuod_Kondele

Sawa mzee, nimekusikia. Lakini nauli bado hujajibu.

Karani_Mstaafu

Kweli. Nauli: makongamano mengi huwa na mfuko mdogo wa kuwasaidia wasemaji wa mashinani, ila hawautangazi kwa sauti. Muulize mwandaaji kwa barua pepe kabla ya kutuma, swali la mstari mmoja. Na kwenye fomu taja wazi kwamba wasemaji watatu watahitaji nauli na malazi ya usiku mbili. Usione haya. Mkurugenzi naye analipiwa, tofauti ni kwamba yeye haombi.

Mwalimu_Bungoma

Nafundisha Kiswahili huku Bungoma, kwa hiyo nitasema yangu. Andikeni Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Fomu ikiwa ya Kiingereza tupu, jazeni kwa Kiswahili na mwombe mkalimani kwenye mahitaji. Mwenyekiti akipendelea kusema kwa Dholuo, NyarAlego atafsiri palepale. Nimeona mama akilazimishwa Kiingereza jukwaani akawa kama mtoto, na nje ya ukumbi ule ule alikuwa akiwachekesha watu hadi machozi.

Na haya mambo ya nani anaingia na nani anabaki nje si mapya. Januari 2007, Jukwaa la Kijamii la Dunia lilipofanyika Kasarani, Wakenya walitakiwa kulipa shilingi 500 kuingia kwenye mkutano uliohusu watu maskini. Watu wa mitaa ya mabanda waliandamana langoni mpaka wakafunguliwa. Kwa hiyo ulizeni pia ada ya kujiandikisha, na kama wasemaji wanasamehewa.

Molo_Viazi

Wazo. Kwa nini kikao kiwe cha omena peke yake? Nitakuja na gunia moja la lumbesa na mizani ya kuning'iniza. Nyinyi mkebe, sisi gunia. Nauli yangu ya Nakuru hadi Nairobi nitajilipia, si mbali.

NyarAlego

Nimesoma yote mara mbili, na jana jioni nimewasomea wenzangu kwenye mkutano wa kikundi, chini ya mwembe. Mwenyekiti aliposikia habari ya fulana ya machungwa alisema, "Huyo wa Molo aje."

Kuhusu shirika tumeamua hivi. Tutawaweka kama washirika, jina lao litaandikwa, na kazi yao itakuwa usafiri na kuchapisha karatasi. Kwenye wasemaji hawamo. Nilimpigia yule kijana nikiwa natetemeka, nikidhani atakasirika. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mama, hata mimi kile kichwa sikukipenda, niliambiwa nikiandike." Kwa hiyo si watu wabaya.

Hii ndiyo rasimu. Kateni bila huruma.

*Gorogoro ya nani?*

*Tutaleta ukumbini gorogoro mbili na omena iliyokauka. Mtu yeyote atakayejitolea atapima kwa gorogoro ya kwanza: nane. Kisha atapima omena ile ile kwa gorogoro ya pili, ambayo tumeinunua kwa broka, na zitatoka saba. Hiyo moja iliyopotea ni shilingi 300. Faida ya mwanamke aliyeianika siku tatu ingekuwa 250. Mkulima wa viazi kutoka Molo atafungua gunia la lumbesa na kulipima mbele ya watu. Tunaamini kwamba wizi mkubwa wa uchumi huanza na chombo kidogo. Baada ya hapo kila meza itaandika vipimo vinavyotumika kwao: debe, fungu, ndoo, mkebe, gunia, na nani anayevishika. Kila mwaka kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa ili samaki wazaliane, na miezi hiyo hatuna cha kuanika, kwa hiyo kila gorogoro ya miezi mingine ina uzito wa miezi miwili. Tunaamini kwamba haki ya kiuchumi ni haki ya kipimo. Tunaomba kila kaunti iweke mizani iliyokaguliwa kwenye bichi na masoko. Tunaamini kwamba inawezekana.*

Wasemaji: mwenyekiti wetu, mkulima wa Molo, na mimi nikiendesha na kutafsiri.

Yule broka, mjue, tulimnunulia mkebe wake kwa 400. Alidhani tunautaka kwa maua.

Karani_Mstaafu

Nimecheka peke yangu hapa. Sasa kisu.

"Tunaamini kwamba" iko mara tatu. Zitoe zote. Mwenye mikebe miwili mkononi hahitaji kuamini. Ile sentensi ya "chombo kidogo" ni nzuri masikioni ila kamati imesikia mia za namna hiyo, na "haki ya kipimo" ni dada yake, nayo iende. "Uzito wa miezi miwili" sijaielewa: miezi minne imefungwa, minane mnafanya kazi, kwa hiyo kila miezi miwili ya kuanika inalisha mitatu. Sema hivyo kwa maneno yako. Kufungwa kwa ziwa usikuondoe, maana ni nadra mtu wa Nairobi kukujua, na kunaeleza kwa nini hamwezi kumkatalia broka mwezi wa Agosti mnapotoka kwenye ukame wa fedha.

Na ongeza ombi la bajeti na tarehe yake, 30 Aprili. Umelisahau, nalo ndilo linalowatofautisha na watu wa kulalamika.

Wuod_Kondele

Nimebadilisha msimamo, msinitanie. Swali moja la kibiashara: broka akisimama ukumbini akasema mkebe wake ni mkubwa kwa sababu naye Nairobi anapimiwa kwa mkubwa zaidi, mtamjibu nini? Maana atasema, na nusu yake itakuwa kweli.

NyarAlego

Ndugu, hilo lilituweka chini ya mwembe hadi giza. Mama mmoja wetu alisema broka naye ana watoto. Mwingine akasema, basi aje na mkebe wa huko Nairobi tuupange na hii miwili. Tumeamua tumwalike. Si jina lake, nafasi tu: dakika 10 kwa broka yeyote atakayekubali kuja na chombo chake. Nimeiandika kwenye mpangilio wa dakika, baada ya gunia la Molo.

Karani_Mstaafu

Hiyo dakika 10 ndiyo itakayowapa nafasi. Tuma.

NyarAlego

Nimetuma leo, Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho. Nilikwenda saiba (duka la intaneti) ya Kombewa saa tatu asubuhi. Stima ikapotea nikiwa kwenye wasifu wa tatu, na ukurasa haukuwa umehifadhi kitu. Niliandika upya kwenye daftari nikisubiri, ikarudi saa saba. Kuchapa upya, kulipia saa mbili na kuchapisha nakala ya mwenyekiti, jumla 170. Nimeziandika kwenye kitabu cha kikundi chini ya "mikutano".

Barua pepe ya kupokea imekuja yenye namba ya pendekezo. Majibu watatoa baada ya wiki sita. Kuhusu nauli wamejibu kwamba mfuko upo, niombe kwenye fomu, nami nilikuwa tayari nimeomba. Wasemaji hawalipi ada.

Kisanduku cha mwisho kilikuwa "mahitaji ya ukumbi": projekta, maikrofoni, ubao, mengineyo. Projekta sikuiwekea alama. Kwenye mengineyo nimeandika: meza moja imara, karai kubwa, mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza, na chumba chenye madirisha yanayofunguka.